Saa Nane ya Usiku ku Radio ya Wanafunzi



Mukubwa wa gazeti hili alituomba, sisi tuliopita ku masomo haya na kwenda mbali, tulete habari za kule. Aliongeza: "Musitutumie hotuba. Mutuambie kitu mulichofanya kwa mikono yenu." Tumetafuta kitu cha namna ile, na tumeona kimoja tu. Tulichezesha muziki wa roki ku radio ya chuo, saa nane ya usiku, kila siku ya tatu ya juma, kutoka mwezi wa 9 mwaka 2009 mpaka mwezi wa 5 mwaka 2011. Musicheke kwanza.

Tunasema "sisi" sababu tulikuwa wawili: mwenye kuandika mistari hii, mutoto wa masomo haya, pamoja na mwenzake wa chumba, kijana wa Minnesota. Programu ilikuwa ya wote wawili, na makosa yake vilevile. Chuo kilikuwa katika mji mudogo wa Iowa, fasi ya mahindi na nguruwe, fasi ambapo mwezi wa kwanza mate yanataka kuganda mu kinywa.

Tuanze na barua, sababu barua ile ndiyo ilitufanya tufikiri. Tulikuwa tumejisifu kidogo kwa ndugu mumoja wa Bukavu kama tumekuwa watu wa radio. Ndugu yule hakuweza kufunga kinywa, na maneno yakafika kwa papa. Papa yetu ni mzee wa kanisa. (Tunasema papa yetu hata kama alizaa mumoja tu kati ya sisi wawili, mwenzetu naye alimwita vile, na yeye alikubali.) Mwezi wa 11 alikwenda fasi ya intaneti, akamusemea kijana wa pale maneno ya kuandika. Yalikuwa mafupi: "Nimesikia kama munachezesha muziki ya kelele usiku. Niliuza ngombe 2 juu ya tiketi ya ndege. Niambieni kama ngombe zangu zilikwenda kununua ile kazi."

Tuliisoma siku ile, tukaisoma tena kesho yake. Hatukujibu. Tulikaa miezi 4 bila kujibu, na kila siku ya tatu usiku tulishuka ku studio tukiwa na barua ile mu kichwa.

Sasa, pengine mutauliza: radio ya chuo ni kitu gani? Kule Marekani, juu ya FM, fasi ya kutoka 88 mpaka 92 iliwekwa pembeni kwa ajili ya radio za elimu na zile zisizouza matangazo. Kwa hiyo vyuo vingi viliomba ruhusa, vikaweka antene yao. Tangu mwaka 1948 serikali ilikubali hata mitambo midogo kabisa ya wati 10, nguvu ya ampuli moja ndogo ya nyumbani. Mwaka 1978 ilibadili mawazo, ikasukuma radio zile zipande mpaka wati 100 hivi. Yetu ilikuwa ya wati 100. Ukitoka mji kwa gari na kupita ghala la mahindi la mwisho, tulianza kukwaruza. Ukiendelea kidogo, tumekwisha.

Watu wa radio ile ni wanafunzi wenyewe. Hakuna mushahara. Mutu wa mwaka wa kwanza anafundishwa majuma machache, anapewa saa mbaya ambayo hakuna mwingine anayeitaka, na akivumilia anapanda polepole mpaka saa za jioni. Sisi hatukupanda. Tulipewa saa nane mpaka saa kumi ya usiku, na mwaka wa pili tulipoulizwa kama tunataka nyingine, tulisema hapana. Sababu yake tutaifikia.

Studio ilikuwa chini ya nyumba ya kulia chakula, na mabomba ya maji yalipita juu ya vichwa vyetu. Kulikuwa meza ya vifungo vya kusukuma, mashini 2 za kuzungusha sahani (zile sahani nyeusi, wazee wanazijua), mashini 3 za CD, mikro 2, na ukuta muzima wa muziki kutoka chini mpaka juu. Juu ya kila sahani, wanafunzi wa miaka ya nyuma walibandika kikaratasi na kuandika mawazo yao. Mumoja aliandika: "Piga wimbo wa 3." Chini yake mwingine, kwa wino mwingine: "Hapana, wa 5, huyu hana masikio." Watu hao wenye kubishana walikuwa wametoka mu chuo tangu miaka 20, pengine wana watoto na mvi, na mabishano yao yalikuwa pale bado. Sisi pia tuliandika. Tulikuwa upande wa wimbo wa 5.

Kikaratasi kilikuwa na kazi nyingine pia: kilionyesha wimbo wenye matusi. Sheria ya kule inakataza maneno machafu hewani kutoka saa 12 ya asubuhi mpaka saa 4 ya usiku, wakati watoto wako macho. Saa yetu sisi ilikuwa nje ya sheria ile, lakini hatukuitumia sana. Mutoto wa mzee wa kanisa anajua kama papa ana masikio hata ng'ambo ya bahari.

Tena kila mwanzo wa saa unapaswa kutaja herufi za radio na jina la mji. Kule, herufi za radio zilizo magharibi ya mto Mississippi zinaanza karibu zote na K, na zile za mashariki na W. Kusema herufi 4 na jina la mji ni kitu chepesi, sivyo? Usiku wa kwanza ulimi ulitugomea. Mwenzetu alisukuma kifungo, ampuli nyekundu ikawaka, na kitu cha kwanza chenye mji ule ulisikia kutoka kwetu kilikuwa: "Mikro iko wazi? Iko wazi?" Ndiyo, ilikuwa wazi.

Sasa muziki wenyewe. Wengi wetu hapa tumezoea rumba, ambapo magitare yanasemezana safi sawa wamama ku kisima, kila neno linasikika. Muziki tulioupiga sisi unafanya kinyume. Gitare inachafuliwa kwa kusudi, inapitishwa mu kisanduku kinachopasua sauti, na mwenye kuimba pengine anafichwa nyuma ya kelele. Wao wanauita roki ya kando, ao roki ya watu wa kujitegemea, sababu mwanzoni makampuni makubwa ya sahani hayakuutaka. Vijana walirekodi wenyewe kwa pesa kidogo, wakatuma sahani ku radio za vyuo, sababu hakuna radio nyingine ingeipiga. Kundi la R.E.M. lilianza mwaka 1980 ku Athens, mji wa chuo katika jimbo la Georgia. Sahani yao ndogo ya kwanza ilitoka mwaka 1981, na wanafunzi ndio waliipiga. Radio kubwa zilikuja nyuma, miaka mingi nyuma.

Ku Seattle vilevile. Radio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington iliitwa KCMU. Bruce Pavitt alikuwa na programu pale, jina lake Sub Pop, na jina lile likawa jina la kampuni ya sahani aliyoianzisha. Mwaka 1989 kampuni ile ilitoa sahani kubwa ya kwanza ya Nirvana, iliyorekodiwa kwa dola kama 600 tu. Kisha Nirvana walikwenda kwa kampuni kubwa, na sahani yao ya mwezi wa 9 mwaka 1991 ilifika juu ya orodha ya Marekani yote mwezi wa kwanza mwaka 1992. Tangu pale wakubwa wa pesa walianza kutazama orodha za radio za vyuo kwa macho makali. Kulikuwa na jarida moja, CMJ, lililoanza mwaka 1978. Kila juma radio za vyuo zililitumia orodha ya vitu walivyopiga zaidi. Leo jarida lile halitoki tena.

Orodha hii ilituletea shida. Mwanafunzi mumoja aliyesimamia muziki alitaka kila programu ipige vitu vipya kadha wa kadha kwa saa, vile makampuni yalitutumia, ili orodha yetu ionekane nzuri. Hatukumukatalia kwa kinywa. Tulipiga moja ao mbili, kisha tukarudi ku ukuta. Alituita wakaidi. Alikuwa na haki kidogo: kama kila mutu anapiga tu kile anachopenda, radio inakuwa sawa soko bila njia. Lakini pia, kama unapiga kile ulichotumiwa, tofauti yako na radio ya matangazo iko wapi? Mambo hayo hatukuyamaliza mpaka tulipotoka.

Ku ukuta ule, katika fasi walipoandika "Dunia," mwenzetu aliona CD ya kundi la Kinshasa, Konono N°1, jina la CD ni Congotronics, ilitolewa Ubelgiji. Alituuliza: "Hawa ni wa kwenu?" Tuliona aibu, sababu hatukuwajua. Mutoto wa Kongo alifundishwa habari za likembe ya Kinshasa na kijana wa Minnesota! Kundi lile lilianzishwa na mzee Mingiedi Mawangu, aliyefariki mwaka 2015. Alitaka likembe isikike katikati ya kelele za muji mukubwa, basi watu wake wakatengeneza mikro kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, wakaziunga na vipaza-sauti vikubwa. Sauti ikapasuka. Hawakuitengeneza, waliiacha ipasuke, na wakaona ni nzuri.

Tulipoiweka katikati ya makundi 2 ya roki, mwenzetu alivua kaske ya masikio na kututazama tu. Ilikuwa ndugu moja. Kelele ya Minnesota na kelele ya Kinshasa zilikuwa zimezaliwa kwa sababu moja, watu wasio na vyombo vizuri ambao hawakungoja vyombo vizuri. Na hatukuwa peke yetu kusikia vile. Mwaka 2010 ilitoka CD ambapo makundi ya roki ya kujitegemea yalichukua nyimbo za Konono na za Kasai Allstars na kuzifanya kwa namna yao, na mwaka 2011 wengine wao walisimama jukwaa moja na Wakongo wale. Tangu usiku ule tuliitoa CD ile ku fasi ya "Dunia" na kuiweka ku roki. Mwanafunzi wa orodha aliirudisha. Tuliitoa tena.

Sasa tufike ku jambo lenyewe.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2010, theluji mpaka ku magoti, na sisi tulikuwa ku mitihani. Tuliweka sahani ndefu, upande muzima, dakika 20 na zaidi, ili tufunge macho kidogo. Mumoja alilala juu ya meza, mwingine chini karibu na mulango. Kila mumoja alifikiri mwenzake anachunga.

Watu wa radio wanaogopa kitu kimoja kuliko matusi: kimya. Wao wanakiita hewa iliyokufa. Sahani ikiisha, sindano inabaki kuzunguka mu mustari wa mwisho, tak, tak, tak, na nje watu hawasikii kitu kingine. Tulifanya vile karibu robo saa. Telefoni ya studio hailii, sababu mikro ingeisikia. Inawasha ampuli ndogo tu. Na ampuli haiamshi mutu. Mwenzetu aliamka sababu ya baridi, akaona ile ampuli inawaka na kuzima, akashika telefoni.

Mutu aliuliza kwa Kiingereza cha kuvunjika: "Radio imekufa?" Mwenzetu alimuomba musamaha, kisha akatupatia telefoni, sababu, alisema, "Anasema sawa weye." Tulisema neno moja tu na yule mutu akanyamaza. Kisha: "Weye uko mutoto wa wapi?"

"Wa Bukavu, papa."

"Mimi niko wa Fizi."

Alikuwa anafanya kazi ya usiku ku kiwanda cha nyama, kuosha mashini wakati wengine wamelala. Saa tisa na robo walipewa mapumziko, naye alikwenda kukaa mu gari yake, moto ya gari imewashwa, akifungua radio. Sisi hatukujua kama kuna mutu. Kwa miezi 5 tulisema hewani "wasikilizaji wetu" sawa vile mutu anavyosalimia nyumba yenye mulango umefungwa. Na mutu alikuwa mule ndani.

Tulimuuliza kwa nini alipiga telefoni. Tulifikiri atasema muziki. Alisema hivi, tunayaandika sawa tulivyoyashika: "Mwanangu, musiache ile radio inyamaze. Mwaka wa 96 kwetu, usiku moja radio ilinyamaza. Asubuhi tulikuwa mu mutumbwi. Mimi nikisikia radio inanyamaza, miguu yangu inatafuta viatu."

Hatukuwa na jibu. Tulisema: "Utusamehe, papa." Alisema: "Hapana neno. Pigeni kitu."

Pale tulitaka kumufurahisha, tukamuuliza kama anataka wimbo wa kwetu, ao wa kanisa. Alicheka. "Hapana, ile nitasikia siku ya Mungu. Wekeni ile ya magitare yenye kulia sawa mashini. Inaniamsha. Niko na kilometa 30 ya barafu mbele yangu asubuhi."

Basi tangu siku ile programu ilibadilika, hata kama hakuna mutu mwingine aliyejua. Mumoja akilala, mwingine alisimama, si kukaa. Saa tisa na robo tulipiga kitu cha nguvu, mara nyingi gitare, mara Konono, na mbele ya kukipiga tulitaja saa, polepole, ili mutu katika gari ajue dakika zinazobaki. Alitupigia tena mara 4 ao 5. Hakusema jina lake na sisi hatukumuuliza. Mara moja alisema likembe yetu ilikuwa inakimbia sana, wazee wa kwao wanapiga polepole. Mara nyingine alinyamaza tu, tukasikia moto ya gari yake inapuliza. Mwezi wa 5 alisema pengine atahama, kuna kazi jimbo lingine. Kisha hakupiga tena.

Mwaka wa pili, walipotuuliza kama tunataka saa ya jioni, tulisema tunabaki. Labda hakuhama. Namna gani tungejua?

Barua ya papa tuliijibu mwezi wa 3 mwaka 2010. Hatukujitetea juu ya muziki. Tulimuandikia tu habari za mutu wa Fizi, mwanzo mpaka mwisho, na kosa letu la kulala. Hakujibu. Ndugu wa Bukavu alituambia kama papa alipewa barua ile ku karatasi, akaikunja na kuiweka mu Biblia. Hatukujua kama ni dalili nzuri ao mbaya. Mu Biblia yake anaweka hata karatasi za deni.

Wakati ule habari za radio za vyuo zilikuwa mbaya. Chuo cha Rice, ku Houston, kilikubali kuuza ruhusa na mitambo ya radio yake KTRU kwa dola milioni 9 na nusu. Ku San Francisco, KUSF ilikatwa mwezi wa kwanza mwaka 2011, mchana, watu wakiwa ndani ya programu. Ku Nashville, WRVU ya wanafunzi wa Vanderbilt ilitolewa ku FM mwaka uleule. Waliambiwa waendelee ku intaneti. Wengi walisema ni sawa, vijana wote wako na intaneti. Sisi tulifikiri gari moja yenye moto imewashwa, na radio yenye kifungo cha kuzungusha.

Radio yetu haikuuzwa. Lakini nayo ilikuwa imeanza kupita pia ku intaneti, na hatuwezi kusema vibaya, sababu ya jambo lililofuata. Mwezi wa 5 mwaka 2011, juma la programu yetu ya mwisho, ndugu wa Bukavu alituma neno: papa anauliza saa nane ya usiku ya kule ni saa ngapi hapa. Tulihesabu. Ni saa tatu ya asubuhi. Alisema: "Mzee atakuwako."

Usiku ule tulivaa mashati safi. Ku radio! Tulipiga vitu tulivyopiga siku zote, hatukubadili hata kimoja, ijapokuwa mikono ilitaka kubadili. Saa nane na nusu tulitaja herufi, mji na saa. Saa tisa na robo tulisema saa tena, polepole, kisha Konono, kisha gitare. Saa kumi tulizima mikro, tukaandika jina na saa mu daftari ya mitambo, tukapatia musichana wa saa kumi kiti chetu. Alikuwa amelala kidogo tu, tukamuwekea kafe.

Papa alipiga telefoni siku ya posho. Alisema kwanza kama alilipa saa 2 nzima, na kijana wa pale alimukopesha kaske, na intaneti ilikuwa inakatikakatika. Muziki hakuusikia vizuri, na vile alivyousikia, alisema, ni kelele kweli. "Lakini niliwasikia munasema saa. Munasema saa nane na nusu, na mimi natazama ku ukuta, ni saa tatu na nusu. Halafu mukasema tena ile ya saa tisa na robo."

Tulisema ndiyo, papa.

"Ile ya saa tisa na robo, ni ya yule mutu wa Fizi?"

Tulisema ndiyo.

Alikaa kimya kidogo, mpaka tukafikiri telefoni imekatika. Kisha akauliza kama gari yake ilikuwa na matairi mazuri, kwa ile barafu.